Swali Ambalo Adero Alilifuta

Kila hojaji aliyoiandika, Adero aliijaribu kwanza nyumbani kwake Kitengela. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Jumamosi asubuhi, chai ikishanywewa na vikombe vikishaoshwa, mumewe Ondiek alivaa miwani, akavuta kiti hadi karibu na mlango kwenye mwanga mzuri, na kumuuliza maswali yote, la kwanza hadi la mwisho, kama mgeni aliyebisha hodi na kukaribishwa. Adero naye alijibu kama mama wa boma fulani ambaye hajawahi kumwona mgeni huyo. Mahali ulimi wa Ondiek ulipojikwaa, aliweka alama moja kwa kalamu nyekundu. Mahali yeye mwenyewe alipojikuta anadanganya, aliweka alama mbili.

"Huyo bwana yako angekuwa kwa hii shirika yetu, saa hii angekuwa meneja," Wanyonyi, mkubwa wake kazini, alipenda kumtania.

"Angefutwa wiki ya kwanza," Adero alimjibu. "Yule akiona swali refu analala."

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Kabla shirika halijapeleka msaada mahali, lilitaka kujua watu wa pale wanajua nini, wanalionaje jambo, na wanafanya nini hasa wakiwa peke yao. Maarifa, mitazamo, matendo. Vijana waliotoka chuo kikuu waliyatamka maneno hayo matatu haraka haraka kama jina la mtu mmoja. Adero, ambaye alikuwa na cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri, alijua kwamba kati ya neno la kwanza na la tatu kuna bonde ambalo mtu anaweza kupotelea.

Alikuja Kitengela kutoka Ugunja mwaka 2004, Ondiek alipopata kazi kwenye kiwanda kimoja Athi River. Kazi ya kuhoji watu aliipata baadaye, wakati shirika lilipotafuta wanawake wa kubeba karatasi boma kwa boma. Siku ya tatu alimrudia msimamizi na karatasi zilizojaa maandishi madogo pembeni.

"Hili swali linafundisha watu kudanganya," alisema.

"Lipi?"

"Hili. 'Unachemsha maji ya kunywa?' Hakuna mama atamwambia mgeni kwamba anapatia watoto maji mabaya. Wote wamesema ndiyo. Hata mimi ningesema ndiyo."

"Sasa tuulize vipi?"

"Tuombe maji. Useme, mama, nina kiu. Akileta kikombe, ndipo uulize maji yametoka wapi na yamefanyiwa nini kabla ya kufika hapo."

Msimamizi alimwambia akae. Tangu siku hiyo Adero aliacha kubeba hojaji, akaanza kuziandika. Jambo ambalo hakumwambia msimamizi, wala mtu mwingine yeyote, ni mahali alipojifunzia.

Alijifunzia nyumbani kwake, katika ploti ya zamani nyuma ya soko, mwaka wa kiangazi wa 2009. Boza la maji halikuja kwa siku nyingi, na lilipokuja wapangaji waling'ang'ania bila kuuliza maji yametekwa wapi. Jumanne ya wiki hiyo mafuta ya taa yaliisha. Adero alijua kuhusu kuchemsha maji. Alikuwa amefundishwa kliniki, na picha ya mafunzo hayo ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya meza. Hakuchemsha siku tatu tu. Binti yao Cindy alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Jumapili hakuwepo tena.

Baada ya mazishi walihama, wakavuka barabara ya Namanga kwenda upande ambako hakuna aliyemjua mtoto huyo. Okoth alizaliwa huko, na majirani wapya wakaanza kumwita Adero Mama Okoth. Mtu mmoja tu katika Kitengela nzima aliendelea kumwita Mama Cindy: Kaveke, jirani wa ploti ya zamani, aliyeuza mboga pale sokoni na ambaye sauti yake ilifika mbali. Adero aliacha kununua mboga sokoni. Kwa miaka kumi na sita alinunua sukuma ya bei juu dukani, na Ondiek hakuwahi kumuuliza sababu.

Ndipo ikaja kazi ya Mashuuru.

Shirika lilikuwa na vifaa vya eneo moja tu: matangi, vichujio vya maji vya nyumbani, na mhudumu wa afya wa kuzunguka bomani kwa mwaka mzima. Maeneo yaliyoomba yalikuwa mawili, moja upande wa Rombo, karibu na mpaka, na jingine ng'ambo ya Mashuuru, ambako watu na ng'ombe walikunywa kutoka silanga moja, bwawa la maji ya mvua. Rombo walikuwa wamehojiwa na watu wengine mwaka uliotangulia. Mashuuru ilibaki kwa Adero. Mahali ambapo watoto wangeonekana wanaugua zaidi ndipo vifaa vingekwenda.

Aliandika maswali arobaini na mbili. Swali la tisa liliuliza kama kuna mtoto mdogo bomani. Swali la kumi aliliandika kwa uangalifu, akalisoma mara tatu: "Mama, umewahi kuzaa mtoto ambaye sasa hayuko? Alikuwa na umri gani? Aliugua nini?" Alijua lazima liwepo. Ukiwauliza wenye watoto peke yao, unawauliza walionusurika.

Jumamosi ikafika. Ondiek akavaa miwani.

"Swali la tisa. Katika boma hili kuna mtoto ambaye hajafikisha miaka mitano?"

"Hakuna."

"Swali la kumi. Mama, umewahi kuzaa mtoto ambaye..."

Macho yake yalikwenda hadi mwisho wa mstari, yakarudi mwanzo. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati, akaivaa tena. Kisha akaiweka karatasi juu ya kochi taratibu, akaingia jikoni, na kuanza kuosha vikombe vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Adero aliyasikiliza yale maji. Alichukua kalamu nyekundu, na kwa mara ya kwanza hakujua aweke alama moja au mbili. Akapiga mstari juu ya swali lote. Kando ya swali la tisa akaandika: *Kama hakuna, ruka hadi swali la 31.*

"Njoo tuendelee," aliita. "Nimeliondoa."

"Umeliondoa?"

"Lilikuwa refu."

Ondiek alirudi mikono ikichuruzika maji, akaketi, akasoma swali la thelathini na moja, ambalo lilihusu choo.

Jumatatu, katika ofisi ya Kajiado mjini, Adero alimtafuta Naserian, msichana wa Mashuuru aliyekuwa kiongozi wa wahoji.

"Naserian, mamangu, kwenu marehemu hatajwi, sivyo?"

"Jina ndiyo hatutaji."

"Basi nimeondoa swali la kumi. Sitaki tuwaudhi watu ndani ya maboma yao."

Naserian alifikiri kidogo. "Lakini Mama Okoth, kuuliza si kutaja. Ukiweka hiyo tableti ya maswali kando, ukae chini, uulize pole pole, mama atakuambia. Mimi nimeambiwa mengi hivyo."

"Tuna dakika thelathini kwa kila boma."

"Haya. Wewe ndiye fundi."

Adero alichukua sentensi ya kwanza ya Naserian na kuiacha hiyo nyingine pale pale mezani. Kwa Wanyonyi alikwenda na neno moja tu: mila. Wanyonyi alifurahi sana kwamba hojaji imekuwa fupi.

Wahoji walizunguka siku kumi na mbili. Maboma mia mbili na kumi na nne. Adero alipoyapanga majibu, aliona kwamba akina mama wenye watoto wadogo walikuwa waangalifu kuliko alivyotarajia: wengi walichuja maji kwa kitambaa, wengine walichemsha, na wachache tu walisema mtoto amehara mwezi uliopita. Maboma sitini na matatu hayakuwa na mtoto mdogo. Hayo tableti iliyarusha moja kwa moja hadi choo.

"Mashuuru wanajua, wanakubali, na wanafanya," Wanyonyi alisema kwenye kikao, akigonga ripoti kwa kidole. "Hawa wako sawa. Rombo ndiyo kuna shida."

Adero ndiye aliyeiandika sentensi iliyoamua jambo hilo: matukio ya kuhara kwa watoto walio chini ya miaka mitano ni machache. Ilikuwa sentensi ya kweli kwa kila mtoto aliyeulizwa habari zake. Wakubwa walitia sahihi, na kabla ya mwezi kwisha matangi yalipakiwa kuelekea Rombo.

Miezi miwili baadaye alikuwa akipanga makaratasi kabatini. Hakuna aliyemtaka afanye hivyo pia, lakini hakupenda boma moja liwe na nambari mbili katika vitabu viwili. Akachukua orodha ya zamani ya Mashuuru, ile ya ugawaji wa unga mwaka wa ukame mkali, akailinganisha na orodha yake mpya. Nambari za maboma zilikuwa zile zile. Waume walikuwa wale wale. Lakini wake hawakuwa wale wale.

Nambari 14, mwaka wa ukame: Ng'oto Leshan. Mwaka huu: Soipan.

Nambari 27: Ng'oto Lemayian. Mwaka huu: Nolari.

Alijua Ng'oto ni mama wa fulani. Mwanamke akishazaa, watu wa Mashuuru humwita kwa jina la mtoto, kama vile yeye alivyoitwa Mama Okoth Kitengela. Alifikiri wanaume wameoa wake wengine. Kisha akafikiri Naserian ameandika ovyo, jambo ambalo halikuwa tabia yake. Alihesabu majina yaliyobadilika hivyo, akapata kumi na tisa. Akaangalia majibu ya maboma hayo kwenye swali la tisa. Yote kumi na tisa: hakuna.

Naserian alipofika, Adero alimwekea orodha zote mbili mezani.

"Huyu na huyu ni mtu mmoja?"

"Ni mmoja."

"Sasa mbona ana majina mawili?"

"Hiyo ya kwanza iliandikwa wakati mtoto alikuwako." Naserian aliongea kwa sauti ya chini, kana kwamba wenyewe wameketi chumba cha pili. "Sasa hayuko. Utamwita mtu aje na jina ya mtoto ambaye ameenda? Si ni kumdunga kisu kila asubuhi? Wakati Mungu alimchukua, boma yote ilirudi kumwita Soipan."

Adero aliweka penseli chini. "Na hawa wengine?"

Kidole cha Naserian kilishuka orodhani polepole. "Huyu ndiyo. Huyu ndiyo. Huyu walikuwa mapacha. Huyu... hapana, huyu niliandika vibaya, pole. Wengine wote ndiyo."

"Ni kuhara?"

"Wengi. Ile maji ya silanga baada ya mvua."

"Na ulijua?"

"Kila mtu Mashuuru anajua." Naserian alimtazama usoni bila ukali. "Tableti ilikuwa inaruka, Mama Okoth. Mama anasema hakuna, inakupeleka choo. Nikasema labda nyinyi mnajua kitu chenye sisi hatujui. Lakini mimi nilikuambia."

"Uliniambia," Adero alisema.

Alikwenda kwa Wanyonyi mchana huo huo. Alisimama, hakutaka kiti. Alimweleza kila kitu, orodha mbili mkononi, na Wanyonyi akamsikiliza mpaka mwisho huku kofia ya kalamu yake ikifunguliwa na kufungwa.

"Ulisema ni mila yao," alisema hatimaye.

"Nilisema."

"Sasa si mila?"

"Ni mila. Lakini si mila iliyonifanya nilifute."

Wanyonyi alingoja. Adero alizikunja zile orodha mbili. Wanyonyi alikuwa na haraka siku zote, lakini hakuwa mtu mbaya, na alijua kuutambua mlango uliofungwa. Akampa gari kwa siku nne, arudi kwenye maboma yale sitini na matatu na swali moja tu.

Boma la nambari 14 lilikuwa la mwisho mwisho siku ya pili. Soipan alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mrefu, mwenye tumbo la ujauzito wa miezi kama mitano chini ya shuka.

"Takwenya," Adero alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko. Karibu, yieyo, mama yangu. Mimi najua Kiswahili kidogo, huyu asitafsiri." Alimwashiria Naserian kwa kidevu. "Huyu anapenda kuongeza maneno."

"Ati mimi?" Naserian aliruka. "Wewe ndiye unapunguza!"

Walicheka kidogo, na Adero, kwa mazoea ya miaka mingi, akaomba maji. Soipan alileta kikombe cha bati. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa kidogo. Hakumkabidhi mara moja.

"Unataka kunywa ama unataka kuangalia?"

Adero aliona aibu. "Nataka kunywa," alisema, akanywa yote.

Ndipo akaweka tableti chini kifudifudi, akaketi kwenye kigoda karibu na Soipan, akamuuliza. Hakusoma popote, swali lile alilijua kwa moyo.

Soipan alitazama mlangoni, ambako mbuzi mdogo alikuwa akitafuna kamba. "Alikuwa na miaka mbili," alisema. "Kuhara siku tatu. Siku ya nne nikambeba tuende Mashuuru, kwa daktari. Hatukufika. Nikarudi naye hivyo hivyo, kwa mgongo, kwa sababu ningemweka wapi?"

Naserian alikuwa ameinamisha kichwa.

"Na ile siku wasichana walikuja," Soipan aliendelea, "huyu aliniuliza, kuna mtoto? Nikasema hakuna. Nikajua sasa ataniuliza hiyo ingine. Nikajikaza. Nikatayarisha moyo. Yeye akauliza choo." Alitikisa kichwa kama mtu anayekumbuka kituko. "Nikafikiria, kumbe hata kwa karatasi hayuko."

Adero aliandika kwa mkono. Umri: miaka miwili. Ugonjwa: kuhara, siku tatu. Jina hakuuliza.

"Na wewe, yieyo?" Soipan alimuuliza. "Uko na wangapi?"

"Mmoja. Kijana, yuko sekondari."

"Mmoja tu? Mungu alikupatia mmoja tu?"

"Mmoja," Adero alisema, na moyoni akaiona kalamu nyekundu ikiweka alama mbili.

Soipan aliweka mkono juu ya tumbo lake. "Hii ikizaliwa, hiyo maneno ya maji itakuwa imefika?"

"Nitajaribu."

"Sijauliza kujaribu, yieyo. Nimeuliza itakuwa imefika."

Adero aliiokota tableti, akasimama. Aliaga.

Kati ya maboma sitini na matatu, ishirini na mawili yalikuwa yamezika mtoto mdogo katika misimu miwili ya mvua. Adero aliandika ripoti ya marekebisho ya kurasa sita, na kwenye ukurasa wa kwanza akaweka wazi kwamba kosa lilikuwa la mwandishi wa hojaji. Jibu lilikuja baada ya majuma matano. Lilisema marekebisho yamepokelewa kwa shukrani, na Mashuuru itaanza kuhudumiwa katika awamu inayofuata, mwezi wa Julai. Vifaa vya kwanza vilikuwa vimeshafungwa Rombo, ambako watoto pia walikuwa wakiugua. Hakuweza hata kutamani virudishwe.

Alianza kuhesabu miezi. Mtoto wa Soipan angezaliwa Februari. Mpaka Julai angekuwa bado kwenye ziwa la mama, na hapo kichujio kingekuwa kimefika kabla hajazoea kikombe. Hesabu ilitosha. Aliirudia mara nyingi, akiwa anapika, akiwa kanisani, na kila mara ilitosha.

Machi Naserian alileta orodha mpya ya maboma kwa ajili ya maandalizi. Nambari 14: Ng'oto Sein. Adero alilisoma jina hilo kwa sauti peke yake ofisini. Sein. Msichana.

"Ni mnono?" alimuuliza Naserian kwa simu.

"Mnono kama chifu!"

Julai haikuja na matangi. Wafadhili walibadilisha tarehe zao, Wanyonyi akaandika barua mbili za kulalamika, na awamu ikasogezwa hadi Oktoba. Adero alinunua chupa za dawa ya kutibu maji, katoni nzima, akampa Naserian awapelekee maboma yenye watoto. Naserian aligawa moja moja mpaka zikaisha. Zilitosha wiki tatu. Agosti mvua isiyokuwa ya msimu wake ilinyesha juu ya vilima, na silanga ikajaa.

Orodha ya mwisho, ya kuhakikisha majina kabla ya kupeleka matangi, ilimfikia Adero nyumbani Kitengela mwishoni mwa Septemba. Ilikuwa saa nne asubuhi. Aliifungua kwenye simu, akateremka kwa kidole. Kumi na mbili, kumi na tatu.

Nambari 14: Soipan.

Kisha akampigia Naserian.

"Namba kumi na nne. Umekosea kuandika?"

Upande wa pili palikuwa na upepo tu, na kengele ya ng'ombe kwa mbali.

"Sijakosea, Mama Okoth."

Adero alivaa viatu. Hakufunga mlango kwa ufunguo. Alivuka barabara ya Namanga bila kungoja malori yapungue, akapita nyuma ya soko, akapita lango la ploti ya zamani ambalo sasa lilikuwa limepakwa rangi ya kijani, na kusimama mbele ya meza ya mboga.

"Mama Cindy!" Kaveke alipaza sauti, nusu ya soko ikageuka. "Leo umepotea njia ama supamaketi imefungwa? Miaka yote hii unanipita kama mlingoti wa stima!"

"Naam," Adero aliitika.

Kaveke aliacha kukata sukuma. Alimtazama vizuri, kisha akazunguka meza, akamvutia kreti la soda, akamkalisha kama mgonjwa.

"Kuna nini?"

"Mafuta ya taa yaliisha," Adero alisema. Maneno yalitoka yenyewe, yakiwa makavu, kama yaliyokaa kabatini miaka mingi. "Ile wiki. Yaliisha Jumanne. Sikuchemsha maji, Kaveke. Nilijua, na sikuchemsha."

"Najua yaliisha," Kaveke alisema. "Ulikuja kwangu na kile kidumu chako cha buluu kuomba. Nikakuambia sina."

Adero hakukumbuka. Alijaribu kuuona mlango, kidumu, uso wa Kaveke wakati ule, na hakukumbuka.

"Nilikuwa na nusu chupa," Kaveke alisema, akiutazama mkono wake wenye kisu. "Niliiweka ya watoto wangu. Ndiyo maana nakuita hivyo kila mwaka kwa sauti. Nilikuwa nangoja siku moja ugeuke unitukane."

Wateja wawili walikuja, wakaona sura zao, wakaenda meza ya pili. Wanawake hao wawili walikaa pale mpaka jua lilipoingia chini ya turubai. Adero hakumtukana. Kaveke alimkumbusha jinsi Cindy alivyokuwa akiiba nyanya moja moja na kuzificha ndani ya gauni, na jinsi siku moja alivyoziketia. Walipocheka, Adero aliumia mahali ambapo hakujua pangali na nyama.

Nyumbani alimkuta Ondiek ametoka zamu, ameketi mbele ya mlango ulioachwa bila kufungwa, ana wasiwasi. Alimwekea sukuma ya Kaveke juu ya meza. Ondiek aliitambua ile kamba ya mkonge iliyoifunga, jinsi Kaveke pekee alivyofunga, na hakuuliza kitu.

"Vaa miwani," Adero alimwambia.

Haikuwa Jumamosi. Alitoa hojaji ya zamani ya Mashuuru, ile ya karatasi yenye wino mwekundu, akamwonyesha kwa kidole. Mstari uliokata swali la kumi haukuwa umelificha. Kila neno lilisomeka chini yake.

Ondiek alisafisha koo. Alianza, akakwama, akaanza tena, na Adero akamngoja.

"Mama," alisoma, "umewahi kuzaa mtoto ambaye sasa hayuko?"

"Ndiyo. Msichana."

"Alikuwa na umri gani?"

Alijua. Ondiek ndiye aliyemchimbia kaburi kwa mikono yake. Lakini aliuliza kama alivyofundishwa, kalamu ikiwa tayari, akimtazama mkewe juu ya miwani iliyojaa machozi, na Adero akamjibu, miaka na miezi, kisha akalitaja jina ili aliandike.